Bafta na Kaniki Ukingoni

Ufungueni mlango huo wote, wanangu, wala msiniogopee upepo. Mtu aliyefika hapa nilipofika hapati tena mafua. Nataka niuone mlingoti wangu huku nikisema. Ida, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni. Hapo hapo. Naiona bafta, nyeupe kabisa, inapepea. Haya. Walter, sogea, hukutoka Lulindi kwa miguu jana ili uje kukaa pembeni kama mkwe. Na wewe Muharami, jirani yangu, ingia ndani ukae kitini. Najua Wakristo tukianza kufa tunaimba sana, lakini leo hakuna wimbo. Nitasema mimi, nanyi mtanisikiliza mpaka mwisho hata kama hamtapenda, kwa kuwa sitakuwa na nguvu za kurudia.

Nianze na vitu, maana ndivyo vinavyogombanisha watu hata matanga hayajaanuliwa. Nyumba hii ni ya Ida. Wapwa zangu wa Chilangala wangeweza kuidai, na kwa desturi yetu Wamakonde wangekuwa na haki yao, lakini nimekaa nao, nimewaomba, wameniachia mbele ya padre na mbele ya Muharami, kwa hiyo asitokee mtu wa kuwasema vibaya. Mikorosho ya upande wa kanisa wagawane wapwa. Ile ya chini, iliyo karibu na chemchemi, haina mrithi: ikatwe au iachwe ife, na mahali pale pasilimwe tena. Baiskeli ni ya Walter, ingawa haina breki, na yeye anajua kwa nini haina. Kanzu yangu ya kanisani nizikwe nayo. Basi, vitu vimekwisha. Mtu ameishi umri wote huu na vitu vyake vinakwisha kabla mate hayajamkauka kinywani. Kilichobaki ni ule mlingoti, na huo ndio ulionifanya niwaite.

Mnajua kwamba huku juu kwetu hakuna maji. Mababu walipanda uwanda huu wakikimbia vita na watekaji watu, wakapata usalama, wakakosa maji, na tangu hapo wanawake wetu wanashuka ukingo alfajiri na mtungi mtupu na kupanda na mtungi uliojaa, jua likiwa utosini. Baada ya vita ya Hitla alikuja Mzungu wa maji, kijana mwekundu mwenye miwani, akashuka mpaka kwenye bwawa la mto Namtuka, akasimika ubao wenye mistari, akanichagua mimi kwa kuwa nilisoma misheni na tarakimu nazijua. Kila asubuhi nishuke, nisome maji yamefika mstari upi, niandike, karatasi ipelekwe Lindi. Nikafanya hivyo masika na kiangazi bila kujiuliza. Kisha siku moja nikamkuta Sikudhani, mke wa Muharami, ameketi kwenye jiwe katikati ya mlima analia na mtungi mkavu mapajani, ameshuka bure, nami nilikuwa najua tangu siku iliyotangulia kwamba bwawa limekauka. Lindi walikuwa wanajua, au walikuwa njiani kujua. Yeye hakujua.

Ndipo Muharami akanipa dukani kwake kipande cha bafta nyeupe na kipande cha kaniki nyeusi, nami nikakata mti mrefu, nikausimika pale ukingoni zinapoonekana njia zote. Bafta ikiwa juu, maji yapo, shuka. Kaniki ikiwa juu, bwawa kavu, usishuke, nenda visima vya mbali au kaa na ulichonacho. Zote mbili pamoja, mto umefurika, usiukaribie. Yule Mzungu alipoona alicheka, akaupiga picha mlingoti, akaenda zake. Mama yenu, Ethel, ndiye aliyeshona pindo za vile vitambaa ili upepo usivichane, na alijivuna navyo kuliko nguo zake. Wanawake waliokuja kwa njia ya Chilangala walikuwa wakifika kwenye mkunjo wa njia wanainua macho kwanza, kabla hata ya kuamkiana, na yeye aliwaambia, "Macho ya mume wangu hayo, yanatazama chini kwa niaba yenu."

Lakini maji yakaanza kurudi nyuma. Msitu wa chemchemi mliukata ninyi, usinikunjie uso Ida, mumeo naye alikuwamo. Nilisema kanisani, nikasema barazani kwa jumbe, kwamba maji ya kiangazi hiki yako chini kuliko ya kiangazi kilichopita, na yale yalikuwa chini kuliko ya nyuma yake. Waliniitikia vizuri, wakaenda kupanda mikorosho. Kaniki ikawa inakaa juu muda mrefu zaidi kila mwaka. Na hapo watu wetu wakafanya kosa ambalo sijui kama lingefanyika mahali pengine: wakaacha kukichukia kiangazi, wakaanza kuichukia kaniki. Wakasema mto unaonyeshwa nguo nyeusi, unaogopa, unakimbia. Wakasema Bartholomayo angepandisha nyeupe tu, maji yangebaki. Watu waliobatizwa, wengine niliwasimamia ubatizo mimi mwenyewe, walipishana nami njiani bila shikamoo. Niliumia, wanangu, sitaki kuwaficha. Niliwaambia habari za maji yao wakaniita mwizi wa maji.

Mwaka aliotawazwa Malkia, tulipogawiwa zile bendera ndogo za karatasi, mvua zilichelewa kupita kiasi. Walter, wewe ulikuwa umeketi kwenye pombe ya mabibo ukawasikia wakisema wataichoma nyumba hii na sisi tukiwa ndani. Hukuja kuniambia. Asubuhi yake mimi nilishuka bondeni kutafuta kama kuna mchirizi uliobaki upande wa juu wa bwawa. Sikuuona. Nilipogeuka na kutazama huku juu, nikaona bafta. Nilidhani ni macho yangu, kwa sababu kaniki niliipandisha mwenyewe na bafta yangu ilikuwa imekunjwa mkobani, begani kwangu. Nikaanza kupanda kwa njia ya mkato, ile ya mawe, nakimbia na uzee wangu, naita, na hakuna wa kunisikia. Nikafika, nikaishusha. Nilipiga magoti pale pale nikamshukuru Mungu kwamba nimewahi.

Na wakati mimi napanda njia ya mawe, mama yenu alikuwa anashuka kwa njia ya Chilangala. Alikuwa kwenye matanga ya dada yake, hakuwa amesikia habari zetu za huku. Mwanaheri, aliyefuatana naye, alimwambia, "Mama Walter, twende nyumbani kwanza, jua hili si la mchezo." Akamjibu, "Si unaiona nyeupe? Baba Walter hawezi kuipandisha bure. Nikipitia maji tutapika mapema." Akauchukua mtungi wa mwenzake, akashuka peke yake. Tulimkuta kesho yake nusu ya mlima, amekwisha kuanza kurudi. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo wa bwawani. Alikuwa amechimba kwa mikono. Yako mengine ningeweza kusema, lakini hilo la kucha linanitosha kila siku.

Ngojeni nipumue.

Watu walisema ni Muharami, kwa kuwa bafta ile ilikuwa mpya na duka la bafta hapa ni lake tu. Waliacha kununua kwake. Uchumba wa binti yake ulivunjika. Lakini fundo lililoshika ile bafta nililifungua mimi, na lilikuwa fundo la kuvuta kwa mkono mmoja, ambalo nimemfundisha mtu mmoja tu duniani, alipokuwa mdogo ameketi mabegani kwangu akishika kamba. Nilikwenda kwa Muharami nikamwambia nitasimama nimtaje mwenye fundo. Alikuwa anajua, yeye ndiye aliyekuuzia kitambaa ukamwambia ni cha kufunga kidonda. Akanishika mkono, akasema, "Baba Walter, umeshapoteza mke. Usipoteze na mtoto. Mimi niache, nimezoea kusemwa." Muharami, usitikise kichwa, ulisema hivyo, nami nikakutii mpaka leo.

Usiangalie chini, Walter. Nilikuona ulivyolipigilia misumari sanduku la mama yako bila kuinua macho, na mimi ndiye niliyekushikia ubao. Najua ulitaka kuniokoa. Najua uliona ni heri watu watulie siku moja, mvua inyeshe, yaishe. Unanipenda, Walter, ila unanipenda vibaya. Nilitaka nife nimekusamehe, na nimejaribu kanisani, nimejaribu shambani, nimejaribu kitandani hapa; kila nikikaribia namwona yeye kwenye ule mkunjo anainua macho, anaamini. Sijafika bado. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha katika nyumba hii.

Wala sina habari njema ya kuwaachia. Watu wanasema mabomba yatafika kila kijiji, wa TANU wanasema uhuru uko mlangoni, na mimi sibishani nao, mabomba mazuri, uhuru mzuri. Lakini maji ya bomba na maji ya mtungi yanatoka katika ardhi ile ile, nami nimeitazama ardhi hiyo asubuhi kwa asubuhi ikitupungukia. Kiangazi hiki ubao umesimama katika vumbi kama mlango usio na nyumba. Itafika siku kaniki itaozea juu ya mlingoti kwa kutoshushwa. Mtaniuliza basi ya nini mtu aendelee kushuka na kupanda kuwaletea watu habari wanayoichukia. Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko ninyi.

Ida, nipe maji. Kidogo tu, usijaze kikombe.

Maji haya umeyatoa wapi?

Usiniambie Namtuka. Nimeyanywa maji ya Namtuka maisha yangu yote. Haya yana chumvi, haya ni ya visima vya mbali, mama yako alikuwa akikunja uso akiyaonja. Kwa hiyo bwawa bado ni kavu. Jana, Walter alipokuwa hajafika, niliona kaniki pale nje. Leo mlipofungua mlango nikaona bafta, nikajisemea mvua imenyesha bondeni nikiwa usingizini, nikafurahi, Mungu wangu, nilifurahi kama mjinga.

Ni wewe tena, Walter. Ili mzee afe akiona nyeupe.

Hapana, usilie, sikasiriki, pumzi za kukasirikia sina. Nisikilize, maana sasa nasema kwa shida. Nitakufa leo. Habari itakwenda Chilangala. Wapwa zangu watakuja, wake zao watakuja, Mwanaheri atakuja na miguu yake mibovu, kwa njia ile ile, kwenye jua hili. Watafika kwenye mkunjo watainua macho. Watasema, msibani kutahitajika maji, tupitie bwawani tuwasaidie wafiwa. Umenielewa, mwanangu? Wanaokuja kunizika ndio utakaowashusha.

Basi shikeni haya. Kengele isigongwe, kaburi lisichimbwe, mtu asitumwe popote, mpaka kaniki iwe juu. Akitokea wa kusema ni nguo ya msiba wangu, mwambieni hapana, ni bwawa. Wakati wa kunizika, kabla udongo haujanifunika, wewe Walter utasimama useme nani alipandisha bafta mwaka ule, kwa sauti, watu wote wasikie, umtoe Muharami midomoni mwao. Watakuchukia. Wachukie. Kisha mlingoti ni wako. Sikumpa Ida, kwa sababu Ida angeufanya kwa kunihurumia. Wewe ndiye unayejua nyeupe ya uongo inamfikisha mtu wapi. Kila asubuhi ushuke mwenyewe, uuone ubao kwa macho yako, usiulize mtu.

Ida, Mungu akutunze, wewe na wanao, mtungi wako usivunjike. Muharami, ndugu yangu... kwa heri. Unisamehe wewe, maana unaweza.

Na wewe, Walter. Baraka yako ipo, nimekuwekea, lakini haitoki kinywani ile nyeupe ikiwa juu. Nenda. Kaniki iko nyuma ya mlango. Vuta kwa mkono mmoja... kama nilivyokufundisha.

Ameondoka?

Nasikia miguu yake. Ida, simama mlangoni. Mimi macho yamekwisha, sioni tena nyeupe wala nyeusi. Ameshafika? Ameishusha? Mwambie... mwambie baba yake amesema... Ngoja kwanza. Imepanda?

Usinijibu mpaka uione.