Jiwe Kotini mwa Masalu

Julai ya Sumbawanga haina adabu. Upepo unaingia ndani ya shati bila hodi, na ndiyo maana kijiwe cha Oswaldi muuza kahawa, nyuma ya soko, hakikosi watu: benchi mbili, birika la kahawa juu ya mkaa, na kashata zilizofunikwa karatasi. Wateja wake wa kila siku ni Kasmir, aitwaye Masafa kwa sababu ya redio yake na mambo yote ya dunia anayodai imemwambia, na Timoth, fundi wa mashine ya kusaga, ambaye hata Jumapili ana unga nyusini. Huyo ndiye Injinia. Wa tatu ni Masalu, mfugaji wa Kisukuma mwenye koti zito la mtumba. Wanamwita Shahidi, maana kila anayetunga jambo humgeukia na kusema "Shahidi huyu hapa", naye hajawahi kukanusha.

Siku hiyo Masalu alikaa ukingoni mwa benchi, mkono wa kulia mfukoni, kahawa akiinywa kwa kushoto. Walikuwa wakiwajadili watafiti wa chuo waliopiga mahema kwenye kilima anachoishi yeye, njia ya Matai, wakichekecha udongo kutafuta mawe ya watu wa kale waliowahi kupiga kambi pale.

– Mawe! alisema Masafa. Kutoka Dar mpaka huku, wamefuata mawe. Huko kwao yamekwisha?

– Si ndiyo soko huria, akajibu Injinia. Mitumba imeingia, sabuni tele madukani, sasa zamu ya mawe.

– Lakini si mawe ya hivi hivi. Ni mashoka ya mawe, na wanasema kuna mahali, bado hawajapaona, yamelundikana pamoja. Unajua kwa nini? Duka la ushirika! Mgawo, shoka moja kwa kaya, foleni tangu alfajiri.

– Acha hizo, Masafa.

– Redio imesema.

– Redio yako haina betri tangu Pasaka, Oswaldi alimkumbusha, akimimina.

– Wale walikuwa walanguzi, Injinia akashika usukani. Mnaukumbuka msako wa wahujumu uchumi? Mjomba wangu kule Chala alifukia sabuni shambani, mvua iliponyesha shamba zima likatoa povu. Basi hao nao walisikia msako unakuja, wakafukia mashoka, wakakimbia.

– Msako wa nani, na enzi hizo serikali yenyewe haipo?

– Msako hauhitaji serikali.

– Nyote hamjui, alisema Oswaldi. Hayo ni meno ya radi, hudondoka nayo inapopiga. Wakiyapeleka chuoni, mvua ya kwanza tu, bweni linawaka.

– Shahidi huyu hapa! Masafa akamgeukia Masalu. Mtani, wewe unalala juu yake. Ni radi au ni mgawo?

Masalu hakucheka. Aliutoa mkono mfukoni, akaweka jiwe juu ya benchi.

Lilikuwa la kahawia, limechongwa pande zote, ncha mbele na mgongo mpana nyuma. Masafa akaliokota, na kidole gumba chake kikakaa chenyewe mahali pake. Akampa Injinia, naye ikawa vivyo hivyo. Waliona haya, kama watu waliokuwa wakimsengenya mtu kumbe amesimama mlangoni.

– Nilikuwa nachimbia nguzo ya zizi, alisema Masalu. Mengine yako huko huko chini.

– Si uwape!

– Nikiwapa, kilima kinazungushiwa waya. Mkubwa wao amesema mwenyewe. Shinyanga nilikimbia ukame, bonde la Rukwa nikahamishwa. Mke wangu Kabula ameapa hafungashi vyungu tena.

– Basi lifukie, unyamaze.

– Nashindwa kwa sababu ya yule binti wa chuo, Bertilla. Kila jioni anakuja kunywa maziwa kwangu, magoti yote vumbi. Ananiuliza, baba, hujaona jiwe? Namwambia sijaona. Inaniuma, jamani. Na kesho wanaondoka.

– Mpe, mwambie umeliokota njiani.

– Kasema jiwe lisilojulikana lilikotoka, kwake ni jiwe tu.

Kabla hawajampa ushauri mwingine, Bertilla mwenyewe akatokea upande wa soko, mkate kwapani.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba.

Macho yake yakatua kwenye mkono wa Injinia. Aliweka mkate benchini, akalipokea jiwe kwa mikono miwili, akaligeuza, akatabasamu huku machozi yanamlengalenga.

– Limetoka wapi?

Swali jepesi. Masafa, ambaye hajawahi kukosa jibu, aliinama akaanza kuzungusha kitufe cha redio isiyo na betri. Injinia akajipangusa unga nyusini. Masalu alisubiri mmoja wao ateleze, maana watu hawa hawajawahi kutunza siri ya mtu yeyote.

– Hata karibu na wapi tu, wazee wangu?

Bertilla akawatazama mmoja mmoja, mwisho akalitazama koti la Masalu, mfuko wa kulia uliochafuka udongo mwekundu, udongo aliokuwa akiuchekecha kila siku. Akashusha pumzi. Kisha akalirudisha jiwe, si kwa Injinia aliyekuwa nalo, bali kiganjani mwa Masalu.

– Asante kwa maziwa, baba. Unisalimie mama.

Masalu akafumba kiganja juu ya jiwe. Binti alichukua mkate wake, akaenda. Alipofika konani akasimama, akageuka kama mtu anayetaka kurudi kuuliza tena.

– Kahawa imekwisha! Oswaldi akapaza sauti, na mbele yake birika lilikuwa limejaa, linafuka mvuke.