Sista Hermelinda na Mwanamke wa Mlangoni

Tarehe 30 Juni, Sista Hermelinda Choquevilca anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya majeraha ya moto hapa Potosí.

Alianza kwa kusafisha vidonda. Alipochoka kuwapokea akina mama wenye sketi pana za nailoni, aliamua kuwafuata majikoni mwao. Aliwafundisha kuvaa aproni ya pamba na kufunga vizuri ncha za shali. Na nguo ikishika moto, usikimbie; lala chini, ubingirike. Kisha alimlaza mwenye nyumba sakafuni, mbele ya wakwe zake. Alifukuzwa mara nyingi kuliko wachuuzi wa sabuni.

Mwaka 2009 alimkuta Nilda Colque akipika supu.

"Sista, nina miaka ishirini jikoni," Nilda alimtania. "Nikilala chini, nani atakoroga?"

Hakulala.

Siku kumi baadaye aliletwa wodini, ameungua miguu tu. Alisema sketi iliposhika moto alikimbilia nje, akakuta mwanamke ameziba mlango.

"Pale mlangoni uliniambia nilale, nikalala," alimwambia Hermelinda. "Asante, sista."

Lakini saa sketi iliposhika moto, Hermelinda alikuwa chumba cha upasuaji, nami nilikuwa pembeni yake.

"Alivaa nini huyo?" akauliza taratibu.

"Sketi ya kijani. Pindo lake jeusi, linafuka moshi. Nikadhani na wewe umeungua."

Hermelinda alitoka, akaketi kwenye benchi la nje. Hapo ndipo aliponisimulia habari za dada yake Saturnina, aliyeshika moto nyumbani kwao wakiwa wasichana. Alikuwa na sketi ya kijani. Alikimbilia nje, upepo ukauchochea moto, na hakupona.

"Mimi nilikuwa mlangoni," alisema. "Nikampisha."

Tangu hapo wagonjwa wengine wawili, kutoka mitaa ambayo Hermelinda hajawahi kuitembelea, wamemtaja mwanamke huyo. Hatukuandika hayo kwenye mafaili. Tulichoandika ni kwamba zamani nguo zilituletea majeruhi arobaini kwa mwaka. Mwaka jana walikuwa watatu, na wote walirudi makwao wakitembea.

Sista, tunakushukuru kwa yote. Kapumzike, ule supu iliyopikwa na wengine. Nyumba ambazo hukuzifikia zisikunyime usingizi. Tunaamini yupo anayezifikia.