Nyumba ya Mchana: Risala ya Wazee wa Jumatano kwa Mgeni Rasmi, Kituntu

Mgeni rasmi, Mchungaji Ainebyona, Mkurugenzi wa Shirika la Taa ya Jioni. Viongozi wa dini mliofuatana naye. Mwenyekiti wetu wa kijiji. Ndugu Pastory, mratibu wetu. Na ninyi watoto wetu mliotushika mikono tuliposhuka garini: Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu Waislamu tulio nao hapa, Asalaam aleikum.

Sisi ni wazee wa Kituntu na Rugera, hapa Karagwe, pamoja na wenzetu wa Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, walioondoka kwao leo kabla umande haujakauka. Wamenichagua mimi, Bibi Kokuberwa, nisome kwa niaba yao. Si kwa sababu ya elimu. Ni kwa sababu miwani niliyopewa na shirika bado ina mikono yote miwili.

KARIBU

Karibu sana, waitu, mheshimiwa wetu. Ulipofika umetuamkia shikamoo mmoja mmoja. Mzee Byarugaba alikuwa amesinzia, nawe ulisimama ukangoja afumbue macho ndipo ukamwamkia. Tumeliona hilo na tumelipokea.

Kahawa iliyo kwenye kikapu mbele yako imechemshwa na kukaushwa na Bibi Avelina kwa mikono yake. Chukua, utafune, na wenzako wapokee. Kwetu mgeni hutafuna kahawa kwanza, ndipo mazungumzo yafuate. Nasi leo tuna mazungumzo.

TULIVYOANZA

Huduma hii ilianza bila jengo. Ilianza na binti yetu Joanitha, mhudumu wa wazee, na Jovin mwenye pikipiki. Walikuwa wanatufuata majumbani, kwenye vibanja vyetu, kila mmoja chini ya migomba yake. Joanitha alitupima presha, akatukata kucha, akaosha vidonda, akaulizia ndoo ya maji nani atakuchotea. Kama hayupo wa kukuchotea, alikwenda mwenyewe.

Baadaye ndugu Pastory akaona kwamba ugonjwa wetu mkubwa ni kukaa siku nzima bila kusikia sauti ya mtu. Akaomba ukumbi wa kanisa, tukaanza kukutana kila Jumatano. Tunamenya ndizi pamoja, tunakula, tunaimba, tunasali, tunateta kidogo, jioni kila mtu anarudishwa kwake. Ndiyo maana watu wakatuita Wazee wa Jumatano. Jina hilo tumelipenda.

Hakuulizwa mtu ni wa dhehebu gani. Bibi Mwaja, mjane wa mfanyabiashara, ni Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani tulipomwomba asihangaike kuja, alijibu, "Nikae nyumbani nifunge na nani? Acheni nije niwatazame mkila. Thawabu zitaongezeka." Tangu hapo mpishi anamfungia chakula chake aende nacho kufuturu.

TULIYOPATA

Mgeni rasmi, wengine wakisoma risala hutaja matangi na mabati. Nasi tunayo: tangi la maji lipo, vitanda vya wagonjwa vipo, na magongo ya kutembelea tumepata wote tuliohitaji. Tunashukuru. Lakini tuliambizana kwamba tukitaja vitu tu tutakuwa hatujasema tulichopata.

Joanitha hukutanisha viganja vyake na kuvisugua vipate joto kabla ya kumgusa mtu. Jovin akifika kwenye mlima wa Rugera huzima pikipiki, akashuka, akaisukuma na bibi yuko juu, kwa sababu mmoja wetu aliwahi kusema anaogopa. Mzee Mansoor mwenye duka hapa senta ameweka benchi nje, na hakuna mzee anayeulizwa amekuja kununua nini. Na Bibi Celestina wa Nyakatuntu, ambaye siku hizi amesahau Kiswahili chote na sasa husema Kinyambo tu, hajawahi kukaa kwenye mkeka wetu bila mtu wa kumjibu.

Hayo ndiyo tuliyopata. Tunaomba uyafikishe kwa makanisa yote yaliyochangia huduma hii.

LILILO GUMU

Sasa tunafika kwenye neno ambalo limetukosesha raha.

Leo umekuja kuweka jiwe la msingi la Nyumba ya Wazee. Msingi umeshachimbwa, sote tumeuona. Ni nyumba kubwa ya vyumba vya kulala, na sisi ndio tutakaolala humo. Mwaka jana vijana wako walikuja kutuuliza kama tunaipenda. Tulipiga makofi. Kisha wakatuuliza mmoja mmoja, nasi mmoja mmoja tukajibu, "Ni nyumba nzuri sana." Wakafurahi, wakaondoka.

Mgeni rasmi, vijana wale hawakukosea kusikia. Tulisema hivyo. Ila hakuna hata mmoja aliyesema, "Nitahamia."

Tulikuja kuligundua hilo Jumatano moja baada ya msingi kuchimbwa. Tulikuwa barazani tunamenya ndizi, nikamuuliza Bibi Avelina, "Wewe kitanda chako utapenda kikae mlangoni au dirishani?"

Akasema, "Mimi? Mimi sitalala pale. Nilikubali kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Mimi nilikubali kwa ajili ya Byarugaba. Tangu mkewe afariki hana wa kumpikia."

Mzee Byarugaba akaweka kisu chini. "Nani amewaambia sina mpishi? Mpishi ni mimi. Ndizi zangu zinaungua kwa sababu nazipenda hivyo. Mimi nilipiga makofi kwa ajili ya Athanasi na mguu wake."

"Mguu wangu una kwao," akasema Mzee Athanasi.

Tulicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kutazama. Kila mmoja alikuwa ameikubali nyumba kwa ajili ya mwenzake anayemwona ana shida kuliko yeye. Kisha tukaona ule msingi ulivyo mrefu, na kicheko kikaisha.

Utatuuliza, kwa nini hamkusema mapema? Mwanetu, kwetu mtu akikuletea chakula umeshiba, unanawa, unaonja, unasifu. Humrudishii sahani mkononi. Ninyi mmetoka mbali mmebeba sahani kubwa, tukaona haya.

Lakini hatuwezi kuhamia, na tunaomba utusikilize kwa nini.

Kibanja kinahitaji moshi. Migomba yetu, kahawa yetu na makaburi ya wazazi, waume, wake na watoto wetu viko mahali pamoja, hatua chache kutoka mlangoni. Mwenye kibanja akilala kwake, hata kama hawezi kushika jembe, kila mtu anajua pana mwenyewe. Moshi usipoonekana, ukoo unaanza kuulizana. Mzee Athanasi alipovunjika mguu alilazwa hospitali masika yote. Aliporudi alikuta mbuzi wamefungwa uani kwake na mtoto wa kaka yake anafagia.

Yule kijana hakuwa na ubaya. Alimwambia, "Shikamoo baba mdogo. Tulisikia wazee mnahamia nyumba mpya, tukadhani hurudi tena."

Athanasi akamjibu, "Nimekwenda, nimerudi. Fungua mbuzi wako, halafu uniwashie moto."

Moto uliwashwa na mbuzi wakaondoka. Lakini Athanasi alikuwa amelazwa tu, na alirudi. Aliyehamia moja kwa moja atamwambia nani afungue mbuzi? Na siku yake ikifika, atalazwa wapi, ikiwa kibanja kina mwenyewe mwingine?

Kwa hiyo tulikuwa tumepanga kukaa kimya. Nyumba ijengwe, ifunguliwe, tuimbe, kisha turudi kwetu kama kawaida. Ila tumeambiwa kwamba nyumba ikikamilika, huduma ya kutuzungukia majumbani itasimama, na Jumatano pia, kwa sababu wote tutakuwa hapa chini ya paa moja, na shirika haliwezi kubeba yote mawili. Hapo ndipo ilipo shida yetu. Tukihamia, tunapoteza vibanja. Tusipohamia, tunampoteza Joanitha, na tunapotezana sisi kwa sisi.

Kuna jambo jingine ambalo ni haki tuliseme. Siku ile tunacheka, Mzee Twagirayezu hakucheka. Mzee huyu aliingia nchi hii kijana akichunga ng'ombe wa watu, na hakuwahi kupata kibanja. Analala kwenye stoo nyuma ya duka la Mzee Mansoor, na Mansoor amemwekea godoro na mlango unaofungwa kwa ndani. Tulipomaliza kucheka alisema, "Mimi nitalala. Ninyi mna pa kurudi. Msiirudishe nyumba yote."

Tuliona aibu. Bibi Mwaja naye akasema taratibu kwamba chumba alichopanga senta kinatakiwa na mwenyewe, na mjukuu wake Nusra ameolewa mbali, na hataki kuwa mzigo kwa wakwe wa mtoto. "Na mimi nitalala," akasema, "ila nipewe upande wa kibla."

Basi wako wanaohitaji kulala. Hatutaki tusimame mbele yako tuseme hatuitaki nyumba, kumbe tunamnyima mwenzetu kitanda.

TUNACHOOMBA

Tumekaa tukazungumza, tukatafuta njia ambayo haitakutia aibu mbele ya waliotoa sadaka.

Tulimwita fundi Sebahire aliyechimba msingi, tukamuuliza kama nyumba inaweza kubadilika bila kufukia kilichochimbwa. Alizunguka, akachungulia, akasema, "Wazee, msingi wa nje ni ule ule. Kinachobadilika ni kuta za ndani, na hizo bado ziko kichwani mwa mtu."

Kwa hiyo tunaomba nyumba ya mchana. Upande mmoja viwepo vyumba vichache vya kulala, kwa Mzee Twagirayezu, Bibi Mwaja na wengine wasio na kwao, na kwa yule aliyetoka hospitali ambaye bado anahitaji mtu wa kumgeuza. Upande mwingine ubaki chumba kikubwa kimoja chenye jiko, mahali pa kuota moto, na mahali pa kujinyoosha baada ya chakula. Pawepo bafu lenye maji ya moto, kwa maana kuoga ndiyo kazi inayotushinda kuliko zote. Tuje asubuhi tunaoweza, jioni turudishwe kwetu tukawashe moto.

Na wasioweza kuja, Joanitha aendelee kuwafuata. Tunajua kuna gharama. Sisi wenyewe tuko tayari kuleta ndizi, maharage na kuni za hapa, na wajukuu zetu wamekubali kutandaza nyasi chini ya migomba kwenye shamba la shirika, izae vizuri, ili mpishi apate chakula cha wanaolala. Si vingi, lakini ni ahadi ya watu wazima.

Kama wafadhili watauliza kwa nini mpango umebadilika, waambie vijana wako walifanya kazi yao vizuri. Waambie wazee walishindwa kusema. Tutalisema hilo wenyewe, mbele ya yeyote utakayemleta.

Ndugu Pastory aliisoma risala hii jana. Tulidhani atatuomba tupunguze. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia akasema, "Bibi, soma kama ilivyo." Tunakuomba usimlaumu. Ametulea vizuri.

Ombi la mwisho ni dogo, na ndilo kubwa. Saruji imeshakorogwa na mafundi wanakutazama. Tunaomba, kabla hujaweka jiwe, upite tulipoketi, uinamie kila mmoja wetu, umuulize kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti, kama mjukuu anavyomuuliza bibi yake: jua likizama, ungependa kuwa wapi? Kwa Bibi Celestina, Joanitha atakutafsiria. Na kwa yeyote atakayekaa kimya, tafadhali mngoje. Mzee wa huku akinyamaza hajakubali. Anatafuta neno ambalo halitakuumiza.

Ukishawasikia wote, weka jiwe. Popote utakapoliweka tutapiga makofi, na safari hii utajua ni ya nini.

Mungu aliyekufikisha kwetu akurudishe kwako ukute moto unawaka na watu wako wazima. Wazazi wako, kama wako hai, asikose mmoja wao mtu wa kumjibu. Na kama wamelala, walale pazuri. Utakapofika umri wetu, upate wa kukushika mkono na wa kukungoja umalize kusema.

Ni sisi watoto wa Mungu na wazee wako,

WAZEE WA JUMATANO
Kituntu, Rugera na Nyakatuntu

Imesomwa kwa niaba yao na Bibi Kokuberwa