Kilichobaki Kina Mwenyewe

Mimi ni Kristina, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Filomena. Nimekaa nyumbani kwake Mlali miaka kumi na minane, kwa hiyo ukoo umenipa kazi ya kuwasomea habari zake. Nitazisoma kama nilivyoziona.

Mwalimu Severini Kobelo alizaliwa tarehe 12 Juni 1948 katika kijiji cha misheni huko juu milimani Uluguru, mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957. Akiwa huko alipewa kazi ya kufagia nyumba ya mapadre, na ndani ya uzio wake akakuta vitu vitatu vilivyomshika maisha yote: bustani ya mboga, kabati la vitabu, na mashine ya santuri iliyopiga muziki wa fidla na vinanda vya Ulaya. Wenzake walimcheka kwamba anasikiliza muziki usiochezeka. Yeye alisema hata mvua haichezeki, na bado watu huisikiliza.

Baada ya chuo cha ualimu alifundisha Mkuyuni, kisha Dakawa, na mwisho Mlali, alikostaafu mwaka 2008. Popote alipopangiwa aliishi kwa ratiba ileile siku asizokuwa kazini. Asubuhi ilikuwa ya jembe. Baada ya chakula cha mchana alisoma kitabu. Saa kumi alasiri aliweka kaseti kwenye redio yake na kufumba macho. Hakuruhusu kimoja kiingilie saa za kingine, na ukimtembelea saa ya kitabu ulipewa kiti na kitabu chako.

Tarehe 4 Agosti 1973 alifunga ndoa na Martina, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili. Martina hakuupenda muziki ule lakini aliipenda bustani, na karoti zilikuwa zake.

Sasa naingia mahali ambapo baadhi ya ndugu walitaka nipaache. Alasiri ya tarehe 3 Septemba 2006 Martina alikuwa akimwagilia karoti. Mjomba alikuwa ndani, amefunga mlango ili mashine ya kusaga ya jirani yetu Hashimu isimharibie kaseti ya fidla nne. Alimsikia mkewe akimwita, mara moja, bila haraka. Akasema moyoni, ngoja kipande kiishe. Zilibaki dakika nne. Alipotoka alimkuta Martina amelala kifudifudi kwenye tuta la mwisho, maji ya ndoo yamekwisha kunywewa na udongo.

Toka siku hiyo hakumaliza kitu tena. Kaseti aliizima kabla ya mwisho, kila siku mahali palepale. Ukurasa wa mwisho wa kila kitabu aliubana kwa pini. Karoti za tuta la mwisho hazikung'olewa. Zilichanua maua, zikajifia, akapanda nyingine. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Kilichobaki kina mwenyewe. Akiniita tena, sitamwambia ngoja."

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Shadya, binti wa Hashimu, aliwahi kuazima kitabu, akatoa pini, akasoma mpaka mwisho, kisha akaja mbio kumsimulia. Mjomba aliziba masikio, akamhonga karoti za tuta la kwanza ili anyamaze. Shadya alikuja na mwisho wa vitabu vingi mwaka ule.

Tarehe 26 Februari mwaka huu wa 2024 alipata kiharusi. Alilazwa Morogoro mjini wiki tatu, akarudi miguu ikiwa haimbebi. Nililima mimi, naye alinielekeza kutoka dirishani, mara nyingi kwa kunigombeza. Nilimshikia kitabu, na saa kumi nilimsogezea redio ili mkono wake wa kulia ufikie kitufe.

Tarehe 9 Mei asubuhi nilimwagilia tuta la mwisho. Karoti zote zilikuwa ardhini. Saa kumi nilimwekea kaseti ya fidla nne, nikaenda jikoni kusonga ugali. Muziki ulifika pale anapoukata, na haukukatika. Ukapita. Kwa miaka kumi na minane sikuwa nimeusikia mwisho wake, nami nikasimama na mwiko mkononi. Ulikuwa mzuri, nisiwadanganye. Hapo nikamsikia akiita, "Kristina." Mara moja, bila haraka. Nami nikasema moyoni, ngoja kipande kiishe.

Kaseti ilipokwisha, kitufe cha redio kiliruka chenyewe. Nilipoingia alikuwa ameshatutoka. Kitabu kilikuwa mapajani, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, na pini imewekwa kando vizuri. Karibu na miguu yake palikuwa na kapu la Martina limejaa karoti zilizooshwa, bado zinadondosha maji. Nyayo zake zilikuwa safi na kavu. Nilikwenda kuangalia tuta: lilikuwa tupu, limesawazishwa kwa mkono. Hashimu naye nilimuuliza. Alinijibu, "Nilikuwa msikitini, dada. Na bustani ya Mwalimu siingii bila hodi." Baadaye kidogo akaongeza kwamba kijana aliyemwachia mashine alimwambia ilizimika saa kumi na robo, na umeme haukuwa umekatika.

Sijui aliniita aniage au nimwone aliyekuja kumchukua. Ningejua kama ningekwenda. Naona aibu kuyasema haya mbele ya jeneza lake, lakini yeye aliibeba aibu kama hii peke yake, na nimeona ilivyomfanya.

Marehemu ameacha watoto wawili, Neema na Amani, wajukuu watano, dada yake Filomena, na sisi wapwa saba. Kwa desturi yetu Waluguru, mpwa ndiye anayepokea vya mjomba wake. Jana ukoo uliniuliza kama napokea. Nimepokea bustani, vitabu na redio. Tuta la mwisho nitalipanda wiki ijayo, na sitaling'oa.

Sentensi moja imebaki. Mnayo mwishoni mwa karatasi mlizoshika. Mimi sitaisoma.

Apumzike kwa amani mjomba wangu Severini, na mtu asimwambie ngoja.