Filimbi Aliyoiomba Hilaria

Njooni karibu, wanangu, mfunge na mlango, maana upepo wa hapa kwetu Tlawi hauna adabu kwa mgonjwa. Herman, kaa hapo miguuni. Hilda, acha kulia. Leo nataka masikio yako, machozi utayatumia baadaye.

Mambo ya mali nayamaliza haraka. Nyumba hii na shamba la ngano ni vya Herman, kwa kuwa ni kitindamimba, na kitindamimba ndiye anayebaki na moto wa wazazi. Ng'ombe watatu walioko Mogitu kwa rafiki yangu Lameck ni wa Hilda. Basi. Mkitaka kugombana, gombaneni nikishafukiwa, nisiwasikie.

Linaloniua si ini kama daktari alivyowaambia. Mnajua nilivyompenda Valsani, yule Mtaliano mtunzi wa muziki wa sinema, ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Watu walinicheka: mtu wa jembe na muziki wa Wazungu, wapi na wapi! Lakini miaka kumi na mitano nilibeba mashine ya sinema ya Padre wa misheni, tukitandaza shuka ukutani, leo Bashay, kesho Mogitu, na maneno ya wale watu wa kwenye shuka sikuelewa hata moja. Valsani ndiye aliyekuwa ananiambia nani ana huzuni na nani anadanganya. Katika ile sinema ya mhunzi aliyefiwa na mke, filimbi inaanza peke yake, inapanda, inapanda tena, halafu pale unapodhani italia, inashuka taratibu na kutulia, kama mtu aliyekubali. Mama yenu Hilaria aliisikia akiwa msichana, amesimama na ndoo ya maji kichwani, na hakuitua ndoo mpaka filimbi ilipokwisha. Hapo ndipo nilipompendea. Padre alipoondoka alinirekodia muziki ule kwenye kaseti, na kila Jumapili mimi na mama yenu tuliusikiliza tukichambua maharage.

Kisha akafa kaka yenu Tomaso. Mlikuwa wadogo. Mila mnaijua: nyumba iliyofiwa na kijana hufungwa, mgeni haingii, ngoma wala redio haisikiki, mpaka wazee waje kuifungua. Jirani yetu Akonaay akasimama hapo uani akasema, "Baltazar, mwacha mila ni mtumwa. Redio ikilia humu, msiba mwingine unakuja." Nikatoa betri. Kaseti nikaifukia ndani ya kihenge, chini ya mahindi, nisije nikashawishika. Haikupita miezi miwili, mama yenu akaangukia kitanda hikihiki. Wiki nzima aliniomba, "Baba Tomaso, niwekee filimbi, kidogo tu, hata kwa sauti ya chini." Nikamwambia, ngoja waifungue nyumba. Akanitazama, hakuomba tena. Alikufa Alhamisi, nami nikazisikia pumzi zake zote mpaka ya mwisho, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusikia. Msiba mwingine ulikuja vilevile, wanangu, na redio ilikuwa imezimwa.

Nyumba ilipofunguliwa nilikwenda kufukua mahindi. Panya walikuwa wameufanya ule utepe viota. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini haya yangu yamezeeka pamoja nami. Miaka ishirini nilimnyima Akonaay salamu, akazikwa sijamsamehe. Nilimwonea. Yeye alisema tu. Mkono uliotoa betri ni huu hapa, utazameni. Mjane wake mpeni yule ndama mwekundu, mwambieni Baltazar amekiri.

Hilda, kwa simu yako umenitafutia kazi za Valsani kumi na mbili, Mungu akulipe. Katika zote nimeutambua mkono wake, lakini ile ya filimbi haimo. Haijabaki popote ila humu kichwani mwangu. Basi wosia wenyewe ndio huu: wewe ni mwalimu wa kwaya, ushike muziki huu, na nikishafukiwa kando ya mama yenu muuimbe palepale kaburini, siku hiyohiyo, msingoje wazee, msingoje nyumba kufunguliwa. Mkiambiwa mmevunja mila, semeni ni baba aliyeivunja, mkamdai yeye.

Sasa sikiliza. Inaanza chini: mm, mm-mm, mmm. Rudia. Hapana, umeipeleka kikanisa, ipunguze. Ee, hivyo. Inapanda… mm-mmm… inapanda tena. Ndiyo hiyo! Herman, nipe maji. Sasa pale mwisho, inaposhuka. Hapo ndipo mama yenu alipotaka kupasikia.

Inashuka… ngoja. Ninayo. Asubuhi nilikuwa nayo.

Jamani, hata hii imenitoka.

Mungu awape mvua, awape mazao. Watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Na mgonjwa akiwaomba kitu… mpeni. Palepale mpeni, hata kama wazee wamesimama mlangoni.

Niinueni kidogo. Hilda, usinitazame mimi… imba. Anza tena kule chini… uende nayo hadi inapopanda… labda ukifika pale… itashuka yenyewe.