Rra Kelapile na Mashimo Tuliyoyapuuza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufuata nyayo katika Hifadhi ya Motlopi, Bwana Kelapile Moatlhodi, au Rra Kelapile kama tunavyomwita hapa kwa heshima, anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kuchimba mitaro ya maji. Haikupita miezi sita akawa ndiye anayewatangulia watafiti porini.

Wageni walipenda kumwambia kwamba kakakuona na muhanga ni ndugu, kwa kuwa wote hula mchwa. Hata wataalamu wa zamani waliwaweka kundi moja. Rra Kelapile alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Kupenda sahani moja si undugu! Huyu wa magamba ana ukoo na simba na paka. Muhanga, jamaa zake ni tembo."

Kakakuona anawindwa kwa ajili ya magamba yake, na yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Muhanga ameandikwa kuwa hayuko hatarini. Nasi tuligawa kazi kwa kufuata orodha: kakakuona alipewa gari, vifaa na watu, muhanga hakupata hata daftari.

Mwaka wa ukame, Rra Kelapile aliingia ofisini kwangu kabla ya kujikung'uta vumbi. Alikuwa amemwona muhanga akitembea saa sita mchana, mbavu zinahesabika.

"Mma, mnyama wa usiku akitafuta chakula juani, ujue njaa imemzidi. Nipe watu wawili tukague mashimo."

"Rra, muhanga hayumo kwenye orodha."

"Na yeye hajaisoma hiyo orodha, Mma. Kakakuona wako hachimbi; shimo analolala kalichimba nani?"

Nikamwambia tutazungumza mvua zikinyesha.

Mvua zilichelewa. Alikwenda peke yake, kwa miguu, siku zake za mapumziko. Kati ya muhanga kumi na mmoja aliowajua kwa nyayo, tisa aliwakuta wamekufa. Mashimo yao yalifukiwa na mchanga, na baridi ilipoingia, kakakuona wetu wawili walikufa nje, vifaa vya kuwafuatilia vikiwa bado vinalia.

Hakunilaumu. Laiti angenifokea! Aliniletea tu ramani aliyoichora kwa mkono, kila mzoga mahali pake.

Siku hizi tunakagua mashimo kila msimu, kama alivyotufundisha. Upande wa magharibi, walikofia muhanga wale tisa, bado hatujapata hata moja jipya.

Rra Kelapile, asante kwa kazi yako. Nenda ukapumzike na mkeo, Mma Tebatso, mle bogobe, ugali wenu wa mtama, kwa amani, na ng'ombe wenu wazaane. Ulisema mapema, ni mimi niliyechelewa kusikia.