Kwaheri Mzee Kipngeno, Tabibu wa Seva Iliyovimba

Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, Mzee Josphat Kipngeno atastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Ushirika wa Maziwa cha Tegat, hapa Njoro, kwa miaka thelathini na mmoja. Wafanyakazi wenzake waliomba wasifu huu uandikwe na mtoto wa mwanachama. Nimepewa heshima hiyo, labda kwa kuwa mama yangu, Sue, ni karani wa kituo cha kupokelea maziwa, na sehemu ya habari hizi ilitokea mbele yake.

Mzee Kipngeno aliajiriwa mwaka wa 1995 kuwa mpima maziwa. Alikuwa amepanga chumba Bondeni, mjini Nakuru, na kila siku alifika kazini kabla ya mikebe ya kwanza. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, hakuna aliyetaka kukaa karibu nayo. Meneja alimkabidhi yeye kwa sababu aliwahi kutengeneza redio ya ofisi. Alisoma masomo ya jioni hadi akapata stashahada, na hatimaye akawa msimamizi wa mitambo yote ya chama. Yeye ndiye aliyetuwezesha kupata ujumbe wa uzito wa maziwa kwenye simu kabla hata hatujarudi nyumbani na mkebe mtupu.

Msimu wa kuvuna ngano vumbi huingia kila mahali, kwa hiyo Mzee alikuwa akizifunika kompyuta kwa leso. Leso hizo zilikuwa za mkewe. Siku moja Mama Fancy aliingia ofisini mkutano ukiendelea, akatazama meza zote, akasema, "Baba Fancy, kumbe hizi mashine zinavaa poa kunishinda!" Alizikusanya zote akaondoka. Wajumbe walicheka hadi ajenda ikasahaulika.

Lakini kazi ambayo wengi wataikumbuka ni ya Oktoba iliyopita. Awuor Obura, ambaye Mzee alimfundisha kazi kwa miaka minne ili aje kuchukua nafasi yake, aliweka toleo jipya la programu inayoendesha seva yetu. Ilikuwa lazima, kwa sababu walioitengeneza walikuwa wameacha kuziba mianya ya usalama katika toleo la zamani. Jumatatu ya kwanza mambo yalianza vizuri. Ilipofika saa mbili asubuhi, foleni zikiwa ndefu, kumbukumbu ya seva ilijaa na mfumo ukaganda. Awuor aliiwasha upya. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa pia.

Karani hawezi kupokea maziwa asipoyaandikisha. Kwa hiyo mikebe ilisimama juani, na maziwa mengine yaliganda yakarudishwa nyumbani. Mzee mmoja wa kituo chetu alifoka, "Ng'ombe wangu hajui kungoja network!"

Mwenyekiti, Bwana Karanja, hakuficha hasira. "Huyu msichana ameharibu kitu kilikuwa kinafanya kazi," alisema. Kamati iliamua kwamba tatizo lisipokwisha kufikia mkutano wa mwisho wa mwezi, toleo la zamani litarudishwa, na kazi aliyoahidiwa Awuor itatangazwa kwa watu wa nje.

"Chairman, mimi ndiye nilimwambia aanze," Mzee Kipngeno alimjibu. "Tupe hadi huo mkutano."

Kwanza waliongeza kumbukumbu ya seva mara mbili. Badala ya kuganda saa mbili, ikawa inaganda saa nne. Wajumbe wakashauri iongezwe tena. Mzee alicheka. "Ng'ombe amevimba tumbo, na nyinyi mnataka kumwongezea majani?" Wote wanafuga, kwa hiyo wote walielewa. Kinachomuua ng'ombe aliyevimba si njaa. Ni kwamba kilichoingia hakitoki.

Ndipo Awuor alipochukua nakala ya kila kitu kilichokuwa ndani ya kumbukumbu wakati seva inaanguka. Alikuta kurasa za wakulima, maelfu, kila moja na picha ya mkulima na rekodi zake za mwaka mzima. Ajabu ni kwamba wengi wa wakulima hao walikuwa bado hawajafika kituoni. Alidhani programu inajifungulia kurasa yenyewe, akaikagua wiki nzima asipate kosa.

"Wacha tutoke," Mzee alimwambia. "Twende tuone maziwa yakipokelewa."

Walifika kituoni kwetu alfajiri, wakamkuta Mama akifanya kile ambacho makarani wote hufanya kabla ya foleni, wanachokiita kuamsha majina. Mtandao wetu ni mzuri alfajiri, halafu huzubaa watu wengi wakishaamka. Kwa hiyo karani hufungua mapema ukurasa wa kila mkulima wa kituo chake na kuuacha wazi.

"Sue, huyu Kimutai amefika?" Mzee aliuliza.

"Huyo? Huyo huja wa mwisho, yeye na punda wake."

"Na mbona umemfungua?"

"Si ndiyo aamke, Mzee! Network ikilala nitamtoa wapi?"

Awuor alijishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka. Toleo la zamani lilikuwa na tabia ya kuufuta lenyewe kwenye kumbukumbu ukurasa uliokaa bila kuguswa. Toleo jipya husubiri kuagizwa, na hakuna aliyeliagiza. Makarani hawakuwahi kuiambia ofisi juu ya kuamsha majina kwa sababu kwao lilikuwa jambo la kawaida, kama kunawa mikono.

Wengine walitaka makarani wakatazwe. Mzee alikataa, akasema shida yao ya mtandao ni ya kweli. Awuor aliliagiza toleo jipya lifute kwenye seva kurasa zilizokaa kimya, zikibaki wazi kwa karani, kisha akapunguza mzigo: sasa jina likiamshwa huja na namba ya mkulima tu. Picha na rekodi huitwa zikihitajika.

Siku ya mkutano, Awuor aliwaonyesha wajumbe mchoro wa kumbukumbu ya asubuhi hiyo. Mstari ulipanda alfajiri, ukashuka taratibu, na foleni zote zikaisha bila seva kuanguka. Bwana Karanja aligeuka kumtafuta Mzee Kipngeno, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma. "Mzee, wewe unasemaje?"

"Muulizeni mwenye kazi, Chairman. Yuko hapo mbele."

Wakamuuliza Awuor, akajibu kila swali. Amethibitishwa kazini tangu Januari.

Mwezi uliopita kamati ilimwomba Mzee Kipngeno abaki mwaka mmoja zaidi. Alishukuru, akakataa. "Nikikaa hapa," alisema, "watu watapita mlango wa Awuor waje kwangu."

Asante, Mzee, kwa miaka yote hiyo, na kwa kutufundisha kwenda kuona kabla ya kulaumu. Wewe na Mama Fancy, tunawaombea afya, mvua ya kutosha huko shambani Elburgon, na asubuhi nyingi za chai isiyokatizwa na simu ya ofisi. Ikilia, jueni ni salamu tu.